Taa ya Kijani ya Mwalimu Filemoni

Mwalimu Filemoni alifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kukubali kwamba kuna kitu chenye magurudumu ambacho hakielewi. Sasa amestaafu, anaishi Mjimwema, Njombe, na ana gari. Akisimulia habari za gari hilo huanza kwa kucheka peke yake, kisha husema, "Jamani, elimu hii!" Wanaomjua huvuta viti karibu, maana wanajua leo mzee anajisema mwenyewe, na hakuna anayemsema Filemoni vizuri kama Filemoni.

Lilikuwa gari kubwa la kijivu, refu kwenda juu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Alilinunua kwa ajili ya mama yake mzazi, ambaye kila baada ya miezi mitatu huenda kliniki Ikonda. Njia ya kutoka kijijini kwa mama mpaka kuikamata barabara kubwa, wakati wa masika, si ya kufanyia utani. Safari ya kwanza ilikuwa Machi, na tope lilifika mlangoni. Filemoni akakumbuka alivyoelekezwa na muuzaji, akavuta kijiti kifupi kilichoko kando ya gia, na kwenye dashibodi ikawaka taa ndogo ya kijani. Gari likapanda kilima chote bila kulalamika. Mama akasema Mungu ni mwema. Filemoni akasema gari nalo ni jema.

Kile kijiti hakukirudisha tena.

Kwa nini akirudishe? Taa ilikuwa ya kijani. Kwa akili ya Mwalimu, nyekundu ni hatari, njano ni tahadhari, kijani ni afya. Halafu gari lina magurudumu manne. Kulivuta kwa mawili, wakati manne yapo na umeyalipia, ni sawa na kumlazimisha ng'ombe atembelee miguu ya nyuma. Hoja hiyo aliitunga mwenyewe, akaisahihisha mwenyewe, akajipa vema.

Basi akalitembeza hivyo hivyo kwenye lami kavu, Njombe kwenda Makambako, Makambako kurudi Njombe, akipeleka mbegu za viazi na kufuata mambo ya pensheni yake. Usukani ukawa mzito. Akasema huo ndio uimara. Likikata kona linasita na kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba; akasema barabara ina mawimbi. Matairi yakalika, akawalaumu Wachina. Kisha difu ya nyuma ikaanza kuimba.

Difu, kwa asiyeijua, ni lile bonge la chuma lililoko katikati ya magurudumu chini ya gari. Kazi yake ni kuyaruhusu magurudumu yazunguke kwa mwendo tofauti pale gari linapokata kona, maana la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Na gari likikata kona, magurudumu ya mbele nayo hayaendi sawa na ya nyuma. Ukiyafunga yote manne pamoja kwenye tope, yatateleza kidogo na mambo yatakwisha salama. Ukiyafunga pamoja kwenye lami, hayana pa kuteleza, na vyuma vitagombana humo ndani mpaka kimoja kikubali kufa. Mwalimu alilijua hilo. Alikuwa akilichora ubaoni kwa chaki za rangi tatu.

Gari akalipeleka kwa Yohanes, mwenye gereji pale Makambako, mwanafunzi wake wa zamani. Filemoni alimwita "yule kijana," ingawa kijana mwenyewe alishaota mvi na alikuwa na binti wa kuozwa. Mwalimu alikuwa bado anakumbuka kwamba kidato cha pili alimpa kumi na saba kwa mia kwenye fizikia, na kila alipomwona ameinama juu ya injini ya mtu, ile kumi na saba ilimjia kichwani.

Yohanes alibadilisha beringi na pinioni, akatia oili mpya, akamkabidhi gari. Mwalimu akaliwasha, akaondoka, na hatua mia mbili mbele akatazama dashibodi. Taa ya kijani haiwaki! Akavuta kile kijiti kwa hasira, ikawaka.

"Umeona, mama Justine?" akamwambia mkewe Fidelia aliyekaa pembeni yake. "Vijana hawa. Ametengeneza difu, ameiua taa."

Fidelia alitazama dirishani.

Miezi mitano haikupita, difu ikaimba tena. Yohanes akaitengeneza tena, taa ikazimika tena, Mwalimu akaiwasha tena. Mara ya tatu ikawa difu ya mbele, na hapo Filemoni akasema imetosha. Gari akalipeleka kwa fundi mwingine mjini Njombe, na mdomo wake akaupeleka kila mahali. Alisema kwenye jumuiya, alisema kwa kinyozi, alisema kwenye foleni ya benki: Yohanes wa Makambako ni mwizi, anachomoa spea zako nzima anakufungia mitumba. Hata kwenye kikao cha wazee wa kanisa, walipokuwa wakizungumzia bati, aliipenyeza. Na kwa kuwa alikuwa Mwalimu, mtu aliyewafundisha nusu ya mji kusoma mizani, aliaminiwa.

Mambo yalikuwa hivyo siku Amon alipokuja kukaa sebuleni, akakataa chai, akaanza kuyanyoosha makunjo ya suruali yake. Amon ni mtoto wa marehemu kaka yake Filemoni. Mwalimu ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la nne, na anampenda kuliko anavyopenda kukiri.

"Baba mdogo, nimepata mchumba."

"Asifiwe Bwana! Wa wapi?"

"Makambako. Mahongole." Amon akarudi kwenye makunjo. "Anaitwa Anneth. Ni binti wa fundi Yohanes."

Fidelia, aliyekuwa jikoni, aliangusha mfuniko wa sufuria. Filemoni mwenyewe anasema alihisi kama mtu aliyekuwa akikata tawi huku amelikalia, na ndipo ameisikia ile "kwaa!" ya kwanza. Lakini aliona ni lazima aonekane mtu mzima. Akasema hayo ya gari ni ya gari na ya ndoa ni ya ndoa. Yohanes ni mtu mwelewa, tutakwenda.

"Baba mdogo, mimi bila huyu binti sijui," alisema Amon, akashindwa kumaliza.

Barua ya posa iliandikwa. Mshenga akateuliwa mzee Anania, mzee wa kanisa, mtu mwenye maneno laini kuliko siagi. Jumamosi moja ya Juni, baridi ikiuma masikio, wakaondoka watatu: Filemoni kwenye usukani akiwa na suti ya harusi ya mwanawe Justine, aliyoiazima, Fidelia na kitenge kipya, na Anania nyuma na barua mfukoni. Amon alibaki nyumbani na simu mkononi. Kwenda kwa basi, Filemoni alikataa katakata. Wakwe wasije wakasema tumekuja kwa miguu.

Walikuwa wamebakiza kama kilomita kumi na mbili waingie Makambako gari lilipopiga mlio ambao hata Anania, asiyejua lolote kuhusu magari, alisema "Yesu wangu!" Kitu kilikuwa kinapiga sakafu kwa chini, pa, pa, pa, kama mtu anayeomba kufunguliwa. Filemoni akaegesha pembeni. Akachungulia uvunguni, akaona chuma kirefu kimening'inia upande mmoja, akasimama na kujipangusa magoti.

Kabla hajapata la kusema, mzee Anania, kwa roho yake safi, alishapiga simu Mahongole kuomba radhi kwa kuchelewa. "Ndiyo, tumeharibikiwa... Ndiyo, gari la Mwalimu... Ah, Mungu akubariki, tunakusubiri."

"Anakuja nani?" Filemoni aliuliza.

"Baba wa binti, mwenyewe. Amesema ni karibu tu."

Hapo Filemoni alitamani ardhi impokee na suti yake ya kuazima.

Baada ya nusu saa Yohanes alifika na pikapu yake, akiwa na suti nyeusi na tai, tayari kwa wageni. "Kamwene," aliwasalimu wote, akampa Fidelia koti lake alishike, akatandika boksi bovu chini ya gari na kuingia uvunguni na shati lake jeupe. Hakuuliza gari lilitengenezwa wapi mara ya mwisho. Alifungua nati dakika ishirini, akaivuta nje propela ya mbele, kile chuma kirefu, iliyokatika krosi, yaani kiungo chake, akaitupa kwenye pikapu. Kisha akaingia kwenye kiti cha dereva kulijaribu gari, na Filemoni akamfuata mlangoni.

Yohanes aliitazama dashibodi. Akakitazama kijiti.

"Mwalimu," aliuliza taratibu, "hii umeivuta lini?"

"Tangu safari ya Ikonda."

"Ikonda ipi?"

"Ile ya Machi. Ya mwaka juzi."

"Na hujairudisha."

"Mbona ni ya kijani," alisema Mwalimu, na hata masikioni mwake mwenyewe maneno hayo yalisikika kama ya mtoto wa chekechea.

Yohanes aliweka paji la uso kwenye usukani. Mabega yakaanza kumtikisika. Filemoni alidhani analia, kumbe anacheka. Kisha akaacha kucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Anania na Fidelia walikuwa wamesimama mbali wakiota jua. Hawakusikia kitu. Yohanes akakisukuma kijiti mahali pake, taa ikazimika, akashuka.

"Sasa litavuta kwa nyuma tu. Twendeni, chakula kinapoa."

Gari likaondoka. Na hapa ndipo Filemoni huwa anaweka kikombe chini anaposimulia. Usukani ulikuwa mwepesi! Kona zilikatika zenyewe. Hakuna kuruka, hakuna kuvuma, gari limetulia kabisa. Alikuwa ameliendesha miaka miwili na zaidi bila kujua lilivyo. Alijisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni, na wakati huohuo, Mungu amsamehe, alijisikia nafuu: anayejua ni mmoja tu, na huyo mmoja amenyamaza.

Mahongole walipokelewa vizuri, wakanawishwa, wakala. Kisha Anania akasimama akasema maneno yake laini, akaitoa barua kwa mikono miwili. Aliyepaswa kuipokea ni mzee Edward, kaka mkubwa wa Yohanes. Mzee Edward hakunyoosha mkono.

"Kabla ya barua," alisema, "nina swali. Gereji ya mdogo wangu ilikuwa inapokea magari sita, saba ya Njombe kwa wiki. Tangu mwaka jana hayaji. Mafundi watatu amewaachisha kazi, na mmoja ni mwanangu. Tukiuliza, tunaambiwa kuna Mwalimu mmoja Njombe anasema ndugu yetu ni mwizi wa spea. Sasa Mwalimu huyo amekaa hapa, amekula ugali wetu. Nyinyi mnatafuta nini kwenye nyumba ya mwizi?"

Anania alifungua mdomo, maneno laini yakamwishia. Fidelia aliinamisha kichwa. Yohanes alikuwa akitazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na grisi kwenye kucha. Filemoni hakuwa amejua habari za mafundi watatu. Alikuwa anadhani amesema tu, kama watu wanavyosema.

Akasimama. Akaeleza habari ya kijiti, akaeleza habari ya taa, akajicheka kidogo, na akina mama upande wa pili wakaanza kuguna na kushikana mikono. "Kosa ni langu," alimaliza. "Spea zilikuwa nzima. Lakini ndugu zangu, sikujua. Ningelijua, nisingesema."

Yohanes aliinua macho, akamtazama. Akayashusha tena.

Mzee Edward aliuona mtazamo ule. "Umelisema Mahongole," alisema, "lakini lilianzia Mjimwema. Hapa tuko watu kumi na wanane. Kule uliwaambia wangapi? Kaliseme kule kule, lote. Barua yenu rudini nayo."

Wakarudi nayo. Amon alikuwa amesimama getini. Aliiona bahasha mkononi mwa Anania, haijafunguliwa, akageuka akaingia ndani bila kuuliza. Usiku ule hakula, na Filemoni naye, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, alikosa usingizi.

Asubuhi alimkuta Fidelia akipiga pasi shati lake la kanisani.

"Nitasema," alimwambia. "Kwenye matangazo, mbele ya wote. Nitasema sikujua."

Fidelia aliweka pasi chini. "Baba Justine. Mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo wapi?"

"Kwenye gari. Mara ya kwanza alikuja dirishani akasema, 'Mwalimu, kile kijiti ni cha matope, kwenye lami usikiguse.' Ukamwambia, 'Yohanes, tangu lini wa kumi na saba akamfundisha mwalimu wake?' Mara ya pili alianza tu kusema, ukapandisha kioo."

Filemoni alikaa kitandani. Alitaka kubisha. Lakini alikuwa anaikumbuka siku ile. Aliikumbuka vizuri, hata vumbi la kioo kile, ila alikuwa ameiweka mahali ambapo haimsumbui.

"Kwa nini hukunikumbusha?"

"Nani amewahi kukukumbusha kitu?" alisema Fidelia, akaendelea na pasi. Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyomuuma.

Kanisani matangazo yalikuwa marefu kama kawaida: kipaimara, zamu za usafi, mnada wa mahindi na kuku baada ya ibada. Katibu alipomaliza, Filemoni akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Mchungaji akampa dakika tatu. Alitembea kwenda mbele na viatu vyake vikilia, akashika meza, akatazama nyuso alizozifundisha.

"Mnakumbuka niliwaambia kuhusu fundi wa Makambako," alianza. Wengi wakaitikia kwa vichwa. Akawaeleza. Alipofika kwenye "mbona ni ya kijani," kanisa zima likaangua kicheko, kwaya ikaangua, mchungaji akatoa leso. Angeweza kuishia hapo. Kicheko kilikuwa kitamu, kilikuwa kinamfunika vizuri, na dakika zilikuwa zimekwisha.

"Subirini, bado," alisema. "Jana Mahongole nilisema sikujua. Huo nao ni uongo. Aliniambia. Mara mbili. Alikuja dirishani akaniambia kwa heshima, na mimi nikapandisha kioo, kwa sababu nilimfelisha zamani na sikutaka awe anajua kitu nisichokijua. Halafu nikaja kwenu nikamwita mwizi. Watu watatu wamekosa kazi kwa mdomo wangu. Naomba mnisamehe, na naomba kila niliyemwambia yale akamwambie na haya."

Hakuna aliyecheka. Fidelia alikuwa anafuta macho na ncha ya kitenge. Amon, upande wa vijana, alikuwa ametazama sakafu, na Filemoni hakuweza kujua anafikiria nini. Ndipo alipoona, kwenye benchi la mwisho karibu na mlango, mtu mwenye suti nyeusi ambaye si wa usharika ule. Alikuwa ameacha ibada yake ya Makambako. Asubuhi Amon alikuwa amewasikia chumbani, akampigia Anneth.

Baada ya ibada, mnada ulianza nje kwa kelele zote, lakini Filemoni hakuusogelea. Alisimama kwenye ukuta wa kanisa akitazama maegesho. Wanaume watatu, mmoja wao akiwa yuleyule aliyecheka kuliko wote, walikuwa wamejipenyeza kila mmoja kwenye gari lake, wameinama, wakihangaika na vijiti. Wakitoka wanajifanya walikuwa wanatafuta miwani. Wa tatu alimfuata Yohanes, akamshika mkono, akamuuliza kitu kwa sauti ya chini, na Yohanes akamjibu kwa upole uleule wa dirishani.

Kisha Yohanes akaja ukutani.

"Mzazi mwenzangu," alisema.

Filemoni aligeuka kutazama ni nani anayeitwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu.

"Jumamosi mlete ile barua," aliendelea Yohanes. "Kaka yangu nitaongea naye mimi. Nitamwambia umesema lote."

Mwalimu alitaka kushukuru. Alibaki ameshika mkono wa fundi kwa mikono yake miwili, anautikisa, anautikisa, kama mtu aliyesahau namna ya kuuachia. Yohanes alimvumilia. Kisha akamwinamia sikioni, watu wasisikie.

"Ila gari liache nyumbani," alisema. "Mje na basi."